Jenerali aliyevuka mpaka na askari wa Nyasaland waliomfungulia njia

TAREHE 2 Agosti 1940, Jenerali Paul Legentilhomme wa jeshi la Ufaransa aliiacha Djibouti na kuvuka kwenda upande wa Waingereza. Wiki chache kabla ya hapo alikuwa mkuu wa majeshi yote ya Ufaransa katika eneo hilo. Siku hiyo alifuatana na maofisa wachache tu. Nyuma yake aliacha cheo, mshahara na askari wake wote.

Siku hiyo hiyo, katika mji wa Clermont-Ferrand huko Ufaransa, mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo Jenerali Charles de Gaulle bila yeye kuwepo. Kosa lake lilikuwa kukimbilia London na kukataa kusalimu amri. Machoni mwa serikali iliyokuwa madarakani, kila ofisa aliyemfuata de Gaulle alikuwa msaliti.

Miaka mitano baadaye, mtoro huyo wa Djibouti alikuwa gavana wa kijeshi wa Paris.

Kwa sisi tuliosomea ukimbizini, na kwa wafanyabiashara wanaovusha mizigo Kasumulu na Songwe kila wiki, habari za mtu huyu zina mambo mawili ya kutufikirisha. La kwanza ni jinsi mtu anavyoweza kuitwa msaliti na shujaa kwa tendo lile lile. La pili ni kwamba njia aliyorudia ilifunguliwa kwa sehemu na vijana wa Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi.

Ukifika Lilongwe, upande wa City Centre, karibu na Bunge na kaburi la Rais wa kwanza, Kamuzu Banda, utaona mnara mrefu wa kumbukumbu ya wanajeshi wa Malawi waliokufa vitani. Wakimbizi wengi kutoka Dzaleka huupita wakiwa ndani ya minibasi, wakiwaza nauli na bei za sokoni. Lakini habari za mnara ule na habari za ukimbizi ziko karibu kuliko tunavyodhani.

OFISA WA MAKOLONI

Legentilhomme alizaliwa mwaka 1884 katika mji mdogo wa Valognes, mkoa wa Normandie. Alipitia chuo cha kijeshi cha Saint-Cyr, kisha akaingia katika askari wa miguu wa makoloni. Hilo lilikuwa tawi la jeshi lililofanya kazi zake nje ya Ufaransa, katika Afrika na Asia, likiwalinda watawala na kuwatisha watawaliwa.

Vita Kuu ya Kwanza haikumpa sifa. Alitekwa na Wajerumani mwezi Agosti 1914, vita vikiwa havijamaliza hata wiki nne, akakaa kifungoni hadi vilipokwisha. Wakati wenzake wanapandishwa vyeo au kuzikwa, yeye alikuwa akihesabu siku nyuma ya waya. Huenda hapo ndipo alipojifunza kwamba anayesalimu amri hachagui tena lolote.

Mwanzoni mwa mwaka 1939 alitumwa Djibouti kuwa mkuu wa majeshi. Koloni hilo lilikuwa dogo lakini lilikaa mahali pazuri: kwenye mlango wa Bahari ya Shamu, na ndilo lililokuwa na bandari na reli ya kwenda Addis Ababa. Kwa Ethiopia, reli ile ilikuwa mlango wa baharini.

Pande zote alizungukwa na Waitaliano. Walikuwa Eritrea, walikuwa Somalia ya kusini, na tangu mwaka 1936 walikuwa wameikalia Ethiopia yenyewe. Jirani mmoja tu alikuwa rafiki, nayo ni Somalia ya Waingereza, ambayo leo tunaiita Somaliland. Mpango wa Wafaransa na Waingereza ulikuwa kuyalinda maeneo hayo mawili pamoja, na Legentilhomme ndiye aliyepewa uongozi wa majeshi ya pande zote mbili.

NCHI ILIPOANGUKA

Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940. Wiki mbili hazikupita, Ufaransa yenyewe ikaanguka. Tarehe 22 Juni serikali ya Marshal Pétain ilitia saini mkataba wa kusitisha vita na Ujerumani, na tarehe 24 Juni ikatia saini na Italia. Mkataba wa pili uliigusa Djibouti moja kwa moja: silaha ziondolewe, na Waitaliano wapewe haki ya kutumia bandari na reli.

Legentilhomme alikataa. Alisema Djibouti itaendelea kupigana pamoja na Waingereza. Lakini kukataa ni jambo moja, kupata watu wa kukataa nawe ni jambo jingine. Viongozi wa koloni waliogopa njaa, waliogopa kukosa mishahara, waliogopa mabomu ya ndege za Waitaliano. Serikali ya Pétain, iliyohamia mji wa Vichy, ilikuwa bado ni serikali, yenye mihuri na hazina. De Gaulle alikuwa na redio ya London na jina ambalo wengi hawajawahi kulisikia.

Mwezi Julai serikali ya Vichy ilimtuma jenerali mwingine, Gaëtan Germain, kuchukua nafasi yake. Baraza la koloni likaegemea Vichy. Legentilhomme akajikuta karibu peke yake katika mji aliokuwa akiulinda. Aliyebaki na msimamo wake ndiye aliyelazimika kuondoka.

Msomaji aliyewahi kukimbia nchi yake ataielewa hali hiyo bila kufundishwa. Mara nyingi mkimbizi haihami nchi yake. Nchi ndiyo inayohama chini ya miguu yake: mamlaka inabadilika, jirani anabadilisha salamu, na jambo lililokuwa wajibu jana linakuwa kosa leo.

VIJANA WA NYASALAND TUG ARGAN

Siku moja baada ya Legentilhomme kuondoka, tarehe 3 Agosti 1940, majeshi ya Italia yalivuka kuingia Somalia ya Waingereza. Mpango wote wa ulinzi ulitegemea Djibouti isimame. Sasa Djibouti ilikuwa imejitoa, na ubavu wa Waingereza ulikuwa wazi.

Waliokuwa wakiulinda ubavu huo hawakuwa Waingereza watupu. Walikuwemo askari wa ngamia wa Kisomali, vikosi viwili vya Wapunjabi kutoka India, kikosi cha Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, na kikosi cha pili cha King's African Rifles, yaani KAR, kilichotoka Nyasaland. Baadaye kikaongezwa kikosi cha Waskoti. Kwa jumla walikuwa takriban 4,000. Waliowakabili walikuwa takriban 24,000.

Mapambano makubwa yalikuwa Tug Argan, kwenye vilima vinavyoilinda barabara ya kwenda bandari ya Berbera, kuanzia tarehe 11 hadi 15 Agosti. Walinzi walishikilia vilima kwa siku hizo, kisha wakarudi nyuma na kupakiwa melini kwenda Aden. Kabla ya tarehe 20 nchi nzima ilikuwa mikononi mwa Waitaliano.

Fikiria kijana wa Zomba au wa Ntcheu, aliyeandikishwa jeshini katika nchi yenye ziwa na mvua, anajikuta kwenye vilima vikavu vya Somalia akipigwa mizinga kwa sababu baraza la Wafaransa katika mji mwingine limepiga kura. Hakuijua kura hiyo. Hakuwa na kura hata nyumbani kwake.

Swali hilo lilikwisha kuulizwa Nyasaland miaka ishirini na mitano nyuma. Mwaka 1914, baada ya mapigano ya Karonga, mchungaji John Chilembwe aliandika barua kwa gazeti akihoji kwa nini Mwafrika afe katika vita isiyo yake. Januari 1915 aliongoza uasi dhidi ya Waingereza, akauawa. Leo Malawi humkumbuka kila tarehe 15 Januari. Hata hivyo, swali lake halikuwazuia wakoloni kuandikisha askari tena.

MPAKA ULIPOFUNGWA

Wafanyabiashara wa mpakani wana sababu ya kuitazama Djibouti baada ya jenerali kuondoka. Waingereza waliufunga mji huo kwa bahari na kwa nchi kavu ili kuilazimisha Vichy iuachie. Reli haikuleta tena kitu. Chakula kilikuja kwa majahazi yaliyoteleza kutoka ng'ambo, upande wa Yemen, yakikwepa manowari.

Wenye uwezo walikula, kwa bei ya kuruka. Wasio na uwezo waliugua maradhi yanayoletwa na ukosefu wa matunda na mboga. Gavana mpya, Pierre Nouailhetas, alitawala kwa mkono wa chuma, na waliojaribu kuvuka mpaka walijua wakikamatwa watafanywa nini.

Hata hivyo watu waliendelea kuvuka, mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Mwishoni mwa mwaka 1942, karibu theluthi moja ya askari wa Djibouti walivuka na ofisa wao, Kanali Raynal, kwenda upande wa Waingereza. Mwezi Desemba mji ukafungua milango na kujiunga na de Gaulle. Walichokataa kufanya pamoja na Legentilhomme mwaka 1940 walikifanya baada ya njaa ya miaka miwili. Aliyeanza kuvuka alikwisha kuwa mtu mkubwa. Waliolipa gharama ya kuchelewa ni raia wa Djibouti ambao hawakuulizwa lolote.

MKIMBIZI ANAPOPEWA KAZI

Legentilhomme alifika London kabla mwaka 1940 haujaisha. Hapo ndipo njia yake inapoachana na njia ya mkimbizi wa kawaida.

De Gaulle alikuwa na uhaba mkubwa wa majenerali. Waingereza walikuwa na vita na walihitaji kila mkono. Kwa hiyo aliyefika hakuambiwa asubiri usajili. Mwanzoni mwa mwaka 1941 alipewa uongozi wa Wafaransa Huru waliokuwa Sudan na Eritrea. Miongoni mwao walikuwemo askari wa Jeshi la Kigeni chini ya Kanali Monclar, na kikosi cha Waafrika kutoka Chad. Walipigana Kub-Kub, wakawa upande wa Waingereza na Wahindi katika vita vikali vya Keren, na tarehe 8 Aprili 1941 waliingia bandari ya Massawa.

Miezi minane kabla ya hapo Waitaliano walikuwa wakisubiri kuitumia Djibouti. Sasa admirali wao wa Massawa alikuwa mfungwa wa Wafaransa waliotangazwa kuwa watoro.

DIVISHENI YA DAMASCUS

Mwaka huo huo, huko Palestina, Wafaransa Huru waliundiwa divisheni yao ya kwanza. Kwa kawaida divisheni huwa na askari zaidi ya 10,000. Hii iliitwa divisheni nyepesi kwa sababu ilikuwa na nusu tu ya idadi hiyo. Kamanda wake alikuwa Legentilhomme. Chini yake walikuwemo Wafaransa, askari wa Jeshi la Kigeni, mabaharia, na vikosi vya Waafrika kutoka makoloni ya Afrika ya Kati.

Kazi waliyopewa haikuwa ya kumpiga Mjerumani. Ilikuwa kuingia Syria na Lebanon, zilizokuwa mikononi mwa majeshi ya Vichy. Yaani Mfaransa alikuwa anakwenda kumpiga Mfaransa.

Walivuka mpaka tarehe 8 Juni 1941, pamoja na Waaustralia, Waingereza na Wahindi. Inasemekana wengi walitumaini ndugu zao wa upande wa pili wangepandisha bendera nyeupe mara waonapo sare za Kifaransa. Haikuwa hivyo. Walipokewa kwa risasi. Siku chache baadaye jenerali mwenyewe alijeruhiwa mkono kwa bomu la ndege, akafungwa bandeji na kurudi kazini. Jeshi la Kigeni la Wafaransa Huru lilipigana na Jeshi la Kigeni la Vichy. Waafrika Magharibi waliovaa kofia nyekundu walikuwa pande zote mbili.

Damascus ilitekwa tarehe 21 Juni, na tarehe 14 Julai mkataba ukatiwa saini mjini Acre. Ndipo askari wa Vichy walioshindwa wakapewa nafasi ya kuchagua: wajiunge na Wafaransa Huru, au wapande meli warudi Ufaransa. Waliochagua kurudi walizidi 30,000. Waliojiunga na washindi hawakufika 6,000.

Takwimu hizo ndizo zinazonifanya nisiwachoshe wanafunzi wangu kwa tarehe nyingine. Wale 30,000 hawakuwa wote wapenzi wa Hitler. Wengi walikuwa na wake na watoto upande ule. Walikuwa wamekula kiapo. Walikuwa wamewazika wenzao wiki iliyotangulia, waliouawa na watu wa Legentilhomme. Huwezi kumwua mtu Jumatatu ukamwambia Ijumaa kwamba umekuja kumkomboa, akakupigia makofi.

Divisheni yenyewe haikudumu. Ilivunjwa mwezi Agosti mwaka huo, na askari wake wakagawanywa katika vikosi vingine. Ushindi wa Damascus uliandikwa kwenye vitabu, lakini jeraha kati ya maofisa wa pande mbili lilichukua miaka kupona.

KAR MADAGASCAR

Sasa tunarudi kwa watu wa Nyasaland. Madagascar nayo ilikuwa mikononi mwa Vichy, na Waingereza waliogopa Wajapani wasije wakaitumia kukata njia ya meli za India. Mwezi Mei 1942 waliteka bandari ya Diego Suarez, kaskazini mwa kisiwa. Mwezi uliofuata ikawasili Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, yenye vikosi vitatu vya KAR: kimoja cha Nyasaland, kimoja cha Kenya na kimoja cha Tanganyika.

Mwezi Septemba majeshi yalitua Majunga, pwani ya magharibi, na brigedi hiyo ikapewa njia ndefu ya kwenda mji mkuu. Ilikuwa vita ya barabara. Madaraja yalibomolewa, miti mikubwa ikaangushwa njiani, kuta za mawe zikajengwa kila penye kona. Askari wa KAR waliyaondoa hayo kwa mikono huku wakirushiwa risasi. Waliowafyatulia, mara nyingi, walikuwa Wamalagasi na Wasenegali waliotumwa na maofisa wa Kifaransa.

Antananarivo ilitekwa tarehe 23 Septemba 1942. Mapigano yakaendelea kusini hadi mji wa Ambalavao, ambako gavana Armand Annet alikubali kushindwa mwanzoni mwa mwezi Novemba. Katika safari hiyo yote, asilimia kubwa ya nyayo zilizokanyaga barabara ile zilikuwa za Waafrika.

Mwezi Desemba Waingereza na de Gaulle walikubaliana kisiwa kikabidhiwe Wafaransa Huru. Na aliyeteuliwa kuwa kamishna mkuu alikuwa nani? Alikuwa Jenerali Legentilhomme. Alifika mwanzoni mwa mwaka 1943 na kupokea ofisi iliyokwisha kusafishwa na askari wa Nyasaland, Kenya na Tanganyika.

Mtu aliyetoroka koloni moja mwaka 1940 kwa ajili ya uhuru wa nchi yake, alirudi mwaka 1943 kutawala koloni jingine kwa niaba ya nchi hiyo hiyo. Uhuru aliouhatarishia maisha ulikuwa wa Ufaransa. Wamalagasi walioudai wa kwao, mwezi Machi 1947, walijibiwa kwa majeshi, na maelfu wakafa. Wakati huo Legentilhomme hakuwa tena kisiwani, lakini waliotoa amri walikuwa watu wa Ufaransa ile ile iliyokombolewa.

WALIVYORUDI NYUMBANI

Baada ya Madagascar alifanya kazi Algiers katika masuala ya ulinzi, akarudi Ufaransa ilipokombolewa, na kuanzia mwaka 1945 hadi 1947 akawa gavana wa kijeshi wa Paris. Alitunukiwa nishani ya Ordre de la Libération, ambayo waliopewa ni wachache wa Wafaransa Huru. Alifariki mwaka 1975 akiwa na umri wa miaka 91.

Askari wa KAR walirudi vipi? Kikosi cha Nyasaland kilichopigana Madagascar kilihamishiwa baadaye Burma, kwenye msitu na mvua, kupambana na Wajapani. Waliobaki hai walirudi na nishani ya kawaida, pesa kidogo ya kuagwa na koti la jeshi. Maofisa wa Kizungu waliostaafu walipewa mashamba huko Kenya. Askari wa Nyasaland hakupewa shamba. Alirudi kulipa kodi ya kibanda.

Lakini alirudi na macho mengine. Alikuwa amemwona Mzungu akiogopa, amemwona Mzungu akimwua Mzungu, amemwona gavana akishusha bendera. Chama cha Nyasaland African Congress kilianzishwa mwaka 1944, vita vikiwa bado vinaendelea. Mwaka 1964 Malawi ikapata uhuru, na kikosi cha kwanza cha KAR kikawa kikosi cha kwanza cha Malawi Rifles. Makao makuu ya jeshi la Malawi leo yako Lilongwe, katika Kamuzu Barracks.

Tangu mwaka 2013 askari wa jeshi hilo wamepelekwa mashariki mwa Kongo, kwanza chini ya Umoja wa Mataifa pamoja na Watanzania na Waafrika Kusini, kisha chini ya SADC. Januari 2025, wakati wa mapigano ya Goma, Wamalawi walikuwa miongoni mwa waliouawa. Majeneza yao yalirudi Lilongwe, mji ule ule ambao Wakongomani wa Kivu huenda kuhemea bidhaa. Wengi wetu tuliokula nsima ya Malawi tulinyamaza siku hiyo. Deni letu kwa nchi ile lilikuwa limeongezeka.

SWALI LA KIJANA WA KAMBINI

Dzaleka iko wilaya ya Dowa, mwendo usiofika saa moja na nusu kutoka Lilongwe. Zamani lilikuwa gereza la wapinzani wa Banda, na jina lenyewe kwa Kichewa hubeba maneno ya mtu anayeapa kwamba hatarudia tena. Mwaka 1994 likageuzwa kuwa kambi ya wakimbizi. Ilipangwa kwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo wamezidi 50,000, wengi wao Wakongomani, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda.

Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, lakini iliweka masharti yake kuhusu ajira na uhuru wa kutembea. Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi wote wanaoishi mijini warudi kambini. Mwezi Mei polisi na askari walipita Lilongwe, maduka yakafungwa, na familia zikapakiwa kwenye malori pamoja na watoto. Wafanyabiashara wa mpakani waliokuwa wanawauzia mali kwa mkopo wanajua ni madeni mangapi yalipotea wiki hiyo.

Huko ndiko nilikosomea, kwa Kiingereza na Kichewa, nikarudi Burundi kufundisha watu waliosomea Kifaransa. Miongoni mwa wanafunzi wangu wamo waliozaliwa kambini. Nilipowasimulia habari za Legentilhomme, mmoja aliuliza kama mkimbizi wa leo naye anaweza kurudi nyumbani na divisheni.

Lilikuwa swali la haki, na halifai kujibiwa kwa kiboko. Kuna watu wanaozunguka kambi za ukanda wetu wakiwauliza vijana swali hilo hilo kwa nia nyingine, wakiwa na ahadi ya viatu, simu na cheo.

Nilimjibu kwa sheria kwanza. Mwaka 1940 hapakuwa na mkataba wa 1951. Kwa taratibu za leo, aliyeshika silaha hahesabiwi kuwa mkimbizi mpaka aziache kabisa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unawakataza wakimbizi kuendesha harakati za kuishambulia nchi yoyote mwanachama, na unataka wakae mbali na mpaka walikotokea. Kijana mmoja akichukua bunduki, kadi za wenzake wote kambini huanza kutiliwa shaka. Wanaofungiwa barabara kesho yake ni mama anayeuza dagaa na mwalimu asiye na kibali cha kazi.

Kisha nilimrudisha Damascus. Legentilhomme alikuwa na nchi kubwa nyuma yake, Uingereza, yenye meli, mafuta na pesa. Alikuwa anapigana na serikali iliyokwisha kukubali amri za mvamizi wa kigeni. Hata akiwa na yote hayo, aliporudi na bunduki aliwakuta ndugu zake wamelala kwenye mahandaki wakimngoja. Alishinda, na zaidi ya 30,000 wakampa kisogo. Sasa ondoa meli, ondoa mafuta, ondoa mvamizi. Kinachobaki ni ndugu kwenye handaki.

Mwenye vita huthamini mgeni mwenye bunduki. Ndiyo maana jenerali alipata divisheni ndani ya mwaka mmoja, na mwalimu wa Dzaleka hukaa miaka ishirini akisubiri kibali. Jambo hilo haliwezi kuwa sababu ya kijana kutafuta bunduki. Ni sababu ya serikali zetu, zinazopokea na zinazotuma, kumthamini mwenye chaki, mwenye cherehani na mwenye mzani wa duka kabla hajakata tamaa.

ANAYERUDI NA MZIGO KICHWANI

Sisi tuliorejea hatukupokewa kwa bendi. Wengi walikuta shamba la baba lina mwenye kibali kingine. Watoto walikuta shule inafundisha kwa lugha wasiyoijua. Jirani aliyebaki alituuliza tulikuwa wapi wakati wa shida, na sisi tulimwuliza alikuwa upande gani. Maswali yote mawili yana haki. Wafaransa wa Damascus waliulizana hayo hayo, ila wao waliulizana kwa mizinga.

Tofauti yetu na jenerali ni kwamba sisi tunaweza kuulizana tukiwa tumekaa. Kesi ya mpaka wa shamba inaweza kuchukua miaka mitatu mbele ya wazee na mahakama, na mtu akachoka mno. Lakini miaka mitatu ya kesi ni nafuu kuliko wiki moja ya Damascus.

Kwa ndugu zangu wafanyabiashara mnaopita Lilongwe, mkimaliza shughuli sokoni, mpande minibasi ya City Centre mwuone mnara ule. Waambieni watoto wenu kwamba kabla ya Malawi kutupokea sisi, vijana wake walikwisha kutumwa kuzikomboa nchi za watu ambao hawakuwahi kuwaalika kwao. Paris ina nishani ya Legentilhomme. Wale waliobomoa kuta za mawe njiani kwenda Antananarivo wana mnara mmoja, na sisi tunaoupita.